Kutoka Temeke hadi Puge: Uchambuzi wa Viwanja Vikubwa vya Michezo

Uwanja mkubwa wa michezo ni jengo la umma lisilofanana na mengine. Zahanati hupokea wagonjwa kila siku, shule hujaa siku tano za juma, soko hufunguliwa alfajiri. Uwanja wa watu 60,000 hujaa mara chache kwa mwaka, na siku zinazobaki ni za walinzi, mafundi na watunza nyasi. Mapato yake huja kwa siku za kuhesabika. Matumizi yake ni ya kila siku. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha mabishano mengi kuhusu viwanja.

Nchini Tanzania mabishano hayo yalipamba moto baada ya Septemba 27, 2023, siku ambayo Shirikisho la Soka Afrika (CAF) liliwapa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa pamoja wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2027. Wapo wanaouliza kwa nini mabilioni yaende kwenye majukwaa wakati kuna shule zisizo na madawati. Wapo wanaouliza kwa nini Arusha ipate uwanja mpya na Tabora ikose. Wapo wanaosema viwanja viko tele mikoani, ila havitunzwi. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Hawaelewani kwa sababu neno "uwanja" limebeba maswali matatu kwa pamoja.

## Ukubwa, ubora na umiliki

Ukubwa ni idadi ya watu wanaoweza kuingia. Ubora ni hali ya vitu vinavyowezesha mchezo kuchezwa vizuri na watu kurudi nyumbani salama: sehemu ya kuchezea, taa, vyumba vya kubadilishia nguo, vyoo, viti vyenye namba, milango ya dharura, chumba cha huduma ya kwanza, nafasi ya waandishi na kamera. Umiliki ni swali la nani ana hati, nani hupokea malipo ya kukodisha uwanja na nani hulipa bili ya maji.

Mambo haya matatu hayaendi pamoja kila mara. Uwanja wa Azam Complex, Chamazi, Dar es Salaam, huchukua watu wapatao 10,000 tu, lakini umepokea mechi nyingi za klabu za mashindano ya Afrika. Uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza, uliofunguliwa mwaka 1980, huchukua watu wanaokaribia mara tatu na nusu ya idadi hiyo, na bado ukubwa huo peke yake hauupi hadhi ya kimataifa. Kwa hiyo anayesema "Tabora ina uwanja" na anayesema "Tabora haina uwanja" wanaweza wote kuwa wakweli: wa kwanza anahesabu majukwaa, wa pili anahesabu masharti ya mashindano.

## Viwanja vilivyopo vilitoka wapi

Historia ya viwanja vikubwa Tanzania ina awamu tatu. Ya kwanza ni ya uhuru. Uwanja wa Taifa wa zamani, Temeke, Dar es Salaam, ambao sasa unaitwa Uwanja wa Uhuru, ndipo bendera ya Tanganyika ilipopandishwa katika sherehe za Desemba 9, 1961. Ulikuwa mahali pa taifa jipya kujiona likiwa pamoja, na mpira ulikuwa sehemu moja ya kazi hiyo. Zanzibar nayo ilifungua Uwanja wa Amaan mwaka 1970, kwa msaada wa China.

Awamu ya pili ni ya chama kimoja. Katika miaka hiyo mikoa mingi ilijenga au kupanua viwanja kwa nguvu na michango ya wananchi, chama kikiwa msimamizi. Orodha ni ndefu: Sokoine wa Mbeya, Mkwakwani wa Tanga, Majimaji wa Songea, Jamhuri wa Morogoro, Sheikh Amri Abeid wa Arusha, Kambarage wa Shinyanga, Ali Hassan Mwinyi wa Tabora, pamoja na CCM Kirumba. Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, viwanja hivi vilibaki mikononi mwa chama hicho, CCM.

Awamu ya tatu ni ya hadhi ya kimataifa. Ujenzi wa uwanja mpya wa taifa, jirani na ule wa zamani, ulianza mwaka 2005 chini ya kampuni ya China ya Beijing Construction Engineering Group, na mechi zilianza kuchezwa mwaka 2007. Gharama ilikuwa takriban dola milioni 56 za Marekani kwa viti 60,000. Rais Hu Jintao wa China alishiriki kuuzindua rasmi Februari 2009, na Juni 7, 2010 Brazil iliifunga timu ya taifa, Taifa Stars, 5-1 katika nyasi zake. Tangu Julai 2020 unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, na mashabiki husema tu "kwa Mkapa". Katika awamu hiyohiyo Amaan ulikarabatiwa na kufunguliwa upya Desemba 2023, na Machi 2024 ukasainiwa mkataba wa uwanja mpya wa Arusha wa watu 30,000 kwa takriban Sh286 bilioni. Ukigawanya, kiti kimoja ni zaidi ya Sh9.5 milioni.

Kila awamu ilikuwa na hitaji lake: ya kwanza umoja wa taifa, ya pili nguvu ya chama mikoani, ya tatu heshima mbele ya Afrika na dunia. Katika zote tatu swali la matunzo lilikuja mwisho, na matokeo yake yanaonekana kuanzia Temeke hadi Tabora.

## Tabora, Puge na umbali

Mkoa wa Tabora ndio mkubwa kuliko yote nchini kwa eneo: karibu kilomita za mraba 76,000. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 3,391,679. Dar es Salaam, yenye eneo lisilofika kilomita za mraba 1,400, ilikuwa na watu 5,383,728. Idadi ya watu wa Tabora inazidi nusu ya ile ya Dar es Salaam, lakini wametawanyika katika eneo linalozidi la jiji hilo zaidi ya mara hamsini. Ramani hiyo ndiyo inayofanya suala la viwanja liwe na sura nyingine magharibi mwa nchi.

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Njia kutoka Bagamoyo ilifika hapo na kugawanyika, moja ikienda Ujiji, nyingine ikielekea kaskazini kwenye Ziwa Victoria. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea hadi pwani na kurudi. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilifuata mwelekeo uleule. Njia hiyo ilijenga mazoea ya kiuchumi ambayo soka limeyarithi: mali na vijana hutoka bara kwenda pwani. Kijana mwenye kipaji huonekana akishafika Dar es Salaam, na mapato ya kipaji chake hubaki hukohuko.

Puge ni kata ya Wilaya ya Nzega, kaskazini mwa mji wa Tabora. Kutoka hapo hadi Temeke ni zaidi ya kilomita 800, na kwenda kutazama mchezo mmoja kwa Mkapa na kurudi hula siku mbili au tatu za kazi, mbali na nauli, chakula na malazi. Katika kata za vijijini kama hii, uwanja kwa kawaida ni eneo la shule au la kijiji lenye magoli ya miti, bila uzio wala maji. Mpira hunoga baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, ambapo vijiji hushindania mbuzi au ng'ombe na watu husimama kuzunguka mistari.

Uwanja mkubwa ulio karibu ni Ali Hassan Mwinyi, mjini Tabora. Umepokea Ligi Kuu kwa vipindi: Rhino Rangers msimu wa 2013/14, kisha Tabora United kuanzia 2023, timu ambayo tangu 2025 inaitwa TRA United. Novemba 7, 2024 Tabora United iliifunga Yanga 3-1 Chamazi, matokeo yaliyoonyesha kwamba timu ya bara inaweza kushindana na vigogo. Mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA nayo yamefanyika Tabora, na vijana wa nchi nzima wakatumia viwanja vya mji huo.

Mkusanyiko wa watu wengi kushuhudia ushindani ni wa kale kuliko soka katika ukanda huu. Kwa Wasukuma, majirani wa Wanyamwezi, jamii mbili za ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana mbele ya umati unaochagua upande wa kushangilia, na sikukuu ya Bulabo ya Bujora huwakusanya kila Juni. Hakuna jukwaa la zege lililowaita. Watu wanaijua tarehe, na wanazijua pande mbili. Jambo hilo linafaa kukumbukwa katika kupima hoja zinazofuata.

## Msimamo wa kwanza: jiji kubwa kwanza

Wanaoshika msimamo huu husema viwanja vikubwa vijengwe palipo na watu, hoteli, uwanja wa ndege na barabara. Dar es Salaam ina mashabiki wa kutosha, ina Simba na Yanga, ina ofisi za mashirika na vyombo vya habari. Fedha ikiwa chache, ni afadhali uwanja mmoja uliokamilika kuliko vitano vya nusu.

Nguvu ya hoja hii huonekana kwa nchi zilizokosa uwanja wenye sifa. Kenya ilipokonywa uenyeji wa CHAN 2018, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, kwa sababu viwanja havikuwa tayari, na mashindano yakapelekwa Morocco. Juni 2024 timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, ililazimika kucheza mechi zake za "nyumbani" za kufuzu Kombe la Dunia mjini Lilongwe, Malawi. Taifa lisilo na uwanja unaokubalika hupoteza mapato ya mlangoni, hupoteza faida ya kushangiliwa, na huwanyima raia wake timu yao. Tanzania haikufikwa na hayo kwa sababu Uwanja wa Mkapa ulikuwepo. Agosti 2, 2025 ulifungua CHAN iliyoandaliwa na nchi tatu, na Taifa Stars wakaifunga Burkina Faso 2-0 mbele ya watu wao.

Udhaifu wake uko mahali pawili. Kwanza, mayai yote yako kikapu kimoja. Mapema mwaka 2025 CAF iliufungia Uwanja wa Mkapa kwa muda kwa sababu ya hali ya sehemu ya kuchezea. Baadaye ulifunguliwa tena, lakini Mei 25 mechi ya pili ya fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na RS Berkane ilihamishiwa Amaan, uwanja ambao uwezo wake ni takriban robo ya ule wa Mkapa. Klabu ilicheza mechi yake kubwa kuliko zote za mwaka mbali na umati wake. Pili, uwanja wa jiji humhudumia mtu wa jiji. Mkazi wa Nzega huchangia kwa kodi kama mwenzake wa Mbagala, ilhali manufaa yake huyapata kupitia runinga.

## Msimamo wa pili: viwanja visambazwe mikoani

Upande wa pili unadai kila kanda ipate uwanja wa hadhi. Hoja yake ya haki ni nyepesi kueleweka: fedha za umma ni za wote. Hoja yake ya kiuchumi nayo ina uzito. Siku Simba au Yanga inapocheza mkoani, nyumba za wageni hujaa, bodaboda hupata abiria, mama lishe huuza sufuria ya pili. Uwanja wa Arusha ni tunda la fikra hii, ukiunganishwa na utalii wa kaskazini.

Hoja hii hudhoofika kwenye kalenda. Ligi Kuu ina timu 16, kila moja ikiwa na mechi 15 za nyumbani kwa msimu. Mkoa wenye timu moja, basi, una siku 15 za ligi, na ni mbili tu kati ya hizo zinazoleta Simba na Yanga. Timu ikishuka daraja, hata hizo mbili hutoweka. Ndivyo ilivyokuwa Tabora: Rhino Rangers waliposhuka baada ya msimu mmoja, mji ulisubiri karibu muongo mzima kuiona tena Ligi Kuu.

Dunia imetoa funzo hili kwa gharama kubwa. Brazil ilijenga uwanja wa zaidi ya watu 40,000 mjini Manaus, katikati ya Amazon, kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2014, mahali pasipo na klabu ya daraja la juu. Mechi nne zilichezwa, kisha ukabaki mzigo. Cape Town ilipata uwanja wa Kombe la Dunia la 2010 ambao jiji lililazimika kuubeba kwa miaka mingi, mpaka timu ya raga ya Stormers ilipohamia humo mwaka 2021. Manchester ilifanya kinyume: kabla uwanja wa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2002 haujakamilika, ilishakubaliwa kwamba Manchester City wangeuchukua. Njia ya kukimbilia iliondolewa, na mwaka uliofuata klabu ikahamia. Kilichozitofautisha Manaus na Manchester ni mtumiaji aliyejulikana mapema.

## Msimamo wa tatu: klabu na wawekezaji wajenge

Wapo wanaosema Serikali ijitoe na kuwaachia wanaofaidika. Azam Complex ni ushahidi wao mkubwa. Azam FC, klabu iliyo chini ya kundi la kampuni za Bakhresa, ilifungua uwanja wake mwaka 2010, ukiwa wa ukubwa unaolingana na mashabiki wake. Anayeutumia ndiye anayeutunza, na ukiharibika hasara ni yake. Ndiyo maana timu nyingine, hata za majina makubwa kuliko Azam, zimekuwa zikiuomba kwa mechi zao.

Hata hivyo Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na katika umri wa karibu miaka 90 hakuna iliyokuwa na uwanja wake wenye uwezo wa kupokea umati wake wa ligi. Sababu ni pamoja na gharama ya ardhi ya jiji, mabonde yanayofurika kama Jangwani, na urahisi wa kukodi uwanja wa Serikali badala ya kujenga. Uwanja wa umma wa bei nafuu huwaondolea klabu haraka ya kuwa na wao. Tena mtaji hufuata wateja: mwekezaji atakwenda Chamazi, huenda Mwanza, lakini hatakwenda Puge. Msimamo huu unatatua tatizo la matunzo na kuliacha la usawa.

## Msimamo wa nne: viwanja vya kata na shule kwanza

Msimamo wa mwisho unageuza piramidi. Unasema mchezaji hatokei kwenye viti 60,000. Anatokea kwenye uwanja wa shule. Fedha za uwanja mmoja mkubwa zingesawazisha, kuzungushia uzio na kuchimbia visima mamia ya viwanja vya kata. Viwanja hivyo hutumika kila jioni, na wavulana na wasichana, wacheza mpira wa miguu, netiboli na riadha, bila kiingilio.

Nguvu yake ni idadi ya saa za matumizi. Uwanja wa shule unaochezwa saa mbili kila siku kwa siku 250 hutoa saa 500 kwa mwaka, ambazo uwanja wa kitaifa wa nyasi asilia hauwezi kuzivumilia. Udhaifu wake ni usalama wa eneo lenyewe. Ardhi ya wazi isiyopimwa huvamiwa: leo kibanda, kesho nyumba, keshokutwa mgogoro. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa jamii nafasi ya kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja, lakini eneo lisiloandikwa na kuwekewa mipaka hulindwa na kumbukumbu za wazee tu. Zaidi ya hayo, viwanja vya kata haviwezi kupokea mechi za CAF, na mtoto anayejifunza mpira huhitaji pia kuona mahali ambapo mpira huo unaweza kumfikisha.

## Fundo la umiliki

Juu ya misimamo yote minne lipo suala la viwanja vya CCM. Wanaotaka virudishwe serikalini au kwenye halmashauri husema vilijengwa wakati chama na dola vilikuwa kitu kimoja, kwa jasho na michango ya wananchi ambao leo wako katika vyama mbalimbali au hawana chama. Wanaoutetea umiliki uliopo husema chama kilisimamia ujenzi, kina haki ya kisheria juu ya mali hiyo, na kimevibeba viwanja hivyo kwa miongo mingi.

Kwa mtumiaji, matokeo ya mvutano huo ni ya vitendo. Serikali husita kuwekeza fedha za umma katika mali ya chama. Chama hakina mapato ya mlangoni yanayotosha kufanya ukarabati mkubwa. Klabu, ikiwa mpangaji, haiwezi kufunga taa za mamilioni katika nyumba ya mwingine bila mkataba mrefu. Watatu hawa wakitazamana, nyasi hukauka. Kaitaba wa Bukoba na Nyamagana wa Mwanza, vilivyo chini ya halmashauri, vilipata nyasi bandia kwa msaada wa FIFA. Kwa msaidizi, mwenye mali akiwa ni chombo cha umma maswali huwa machache.

Hata sera za nia njema zimegusa mikoa kwa viwango tofauti. Msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa nyasi bandia ulipopendekezwa katika bajeti ya 2021/22 ulilenga viwanja vilivyo kwenye majiji. Tabora ni manispaa. Haikuwamo katika hatua hiyo ya mwanzo.

## Nyasi, maji na kalenda

Tatizo la viwanja vingi huanzia chini ya miguu. Nyasi asilia zinahitaji kupumzika ili mizizi ishike. Uwanja mmoja unapobebeshwa mechi za klabu mbili kubwa, timu ya taifa na mikutano ya hadhara, hudhoofika hata kama mtunzaji wake ni hodari. Mvua ikinyesha mfululizo na mifereji ya chini ikiziba, mpira huchezwa kwenye tope. Nyasi bandia huvumilia saa nyingi zaidi, lakini hupata joto kali la jua, huhitaji kupigwa brashi na kuongezewa chembe za mpira, na baada ya takriban miaka kumi hung'olewa na kuwekwa nyingine. Asiyeweka akiba ya kuzibadili amekopa bila kujua.

Tabora ina ugumu wake. Mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi hutawala. Msimu wa ligi huanza karibu na mwisho wa kiangazi hicho, wakati ardhi ni ngumu kuliko nyakati zote. Udongo mweusi wa mbuga, unaofaa kwa mpunga, hupasuka wakati wa jua na kuteleza wakati wa masika. Uwanja uliowekwa juu yake bila kubadili tabaka la udongo hautulii. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika miji ya Tabora, Nzega na Igunga, uliogharamiwa kwa mkopo wa India, umebadilisha hesabu, kwa kuwa umwagiliaji sasa unaweza kupangwa. Lakini maji hayo ni ya watu kwanza, kwa hiyo kisima cha uwanja na hifadhi ya maji ya mvua ya mapaa ya majukwaa vinapaswa kuwa sehemu ya mchoro tangu mwanzo.

Tofauti za majira zina faida pia. Mechi za vijiji hushamiri kati ya Juni na Septemba, wakati ligi imesimama au ndiyo inaanza. Uwanja wa mkoa unaweza kupokea ligi katika msimu wake, fainali za kata na mashindano ya shule katika mapumziko, na ngoma au maonyesho ya kilimo panapo nafasi, mradi jukwaa la sherehe liwekwe nje ya nyasi.

## Kupima hoja

Ukiipima misimamo hii minne kwa vigezo vitatu, yaani saa za matumizi, uhakika wa mtunzaji na usawa wa kuufikia uwanja, hakuna msimamo unaoshinda kote. Uwanja wa jiji hupata alama za juu kwa umati na za chini kwa usawa. Uwanja wa mkoa hupata usawa na kupungukiwa kalenda. Uwanja wa klabu hupata mtunzaji na kukosa usawa. Uwanja wa kata hushinda kwa matumizi na usawa, na kushindwa kwa ulinzi na hadhi.

Jibu, kwa hiyo, liko katika mpangilio. Dar es Salaam inahitaji viwanja viwili au vitatu vya ubora unaokaribiana zaidi ya kuhitaji kimoja kikubwa zaidi, ili Mkapa upumzike na ubaki wa mechi kubwa. Klabu kubwa zina sababu ya kusukumwa kujenga, kwa kuwa bei nafuu ya uwanja wa umma haiwezi kuwa ya milele. Kwa Tabora, uwanja mpya wa watu 30,000 ungekuwa Manaus ya magharibi. Uliopo, ukiwekwa taa, nyasi, vyoo na milango ya kutosha kwa watu 10,000 hadi 15,000, ungeipa timu ya mkoa nyumba ya kudumu. Hilo linawezekana hata kabla mvutano wa umiliki haujamalizika, endapo mwenye uwanja, halmashauri na klabu watasaini mkataba wa miaka mingi unaotaja nani hulipa nini na mapato ya mlangoni hugawanywaje.

Kwa kata kama Puge hatua ya kwanza haihitaji zege hata mfuko mmoja. Ni kupima eneo la uwanja, kuliandika katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, na kupanda miti ya mpaka. Uwanja uliopimwa unaweza kusawazishwa mwaka ujao na kuchimbiwa kisima mwaka unaofuata. Uliojengewa nyumba haurudi.

## Muhtasari

Mkanganyiko kuhusu viwanja vikubwa hutokana na kuchanganya ukubwa, ubora na umiliki. Viwanja vya Tanzania vilizaliwa na mahitaji matatu ya nyakati tofauti: umoja wa uhuru, nguvu ya chama kimoja, na hadhi ya kimataifa, na matunzo hayakupewa nafasi ya mbele katika lolote kati ya hayo. Misimamo minne inayoshindana, wa jiji kwanza, mikoa kwanza, klabu kwanza na kata kwanza, kila mmoja unajibu swali ambalo mwingine unaliacha. Mifano ya Manaus, Cape Town, Manchester na Chamazi inakubaliana katika jambo moja: uwanja hudumu pale ambapo mtumiaji na mtunzaji wake walijulikana kabla ya idadi ya viti kuamuliwa. Katika ukanda wa magharibi, utaratibu huo unamaanisha ardhi ya kata iliyopimwa, uwanja mmoja wa mkoa uliokarabatiwa chini ya mkataba ulio wazi, na viwanja vya taifa vinavyopokezana mzigo, ili kijana wa Puge aweze kuanza, kuonekana na kulipwa kabla ya kulazimika kuishika njia ya pwani.